Homa ya Gari la Mkate

Siku hiyo Jeconia Odundo hakuwa na mpango wa kumlaghai mtu yeyote, na jambo hilo liandikwe upande wake siku ya hukumu. Alikuwa amejipumzisha kivulini karibu na daraja la mto Ruiru, anatafuna muwa ambao hakuulipia, mara akaona gari linapanda mlima bila kelele. Halikutoa moshi wala mngurumo, lilivuma tu kama nyuki aliyefungiwa koponi. Katikati ya mlima likapunguza mwendo, likaguna, likasimama.

Ubavuni lilikuwa limeandikwa MKATE SAFI WA RUIRU. Dereva, kijana mkubwa wa Bungoma aitwaye Dismas, akaruka chini na kutia jiwe nyuma ya gurudumu. Upande wa pili akashuka mama mfupi, mnene, mwenye unga hadi kwenye nyusi.

"Imekufa tena?" akauliza mama.

"Imelala, Mama Wamboi."

"Kila siku saa nane inalala! Mimi tangu nizaliwe sijawahi kulala saa nane."

Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni na mikungu ya ndizi wakacheka bila kujificha. Ruiru nzima ililijua gari lile. Waithira, maana ndilo jina la Mama Wamboi, alikuwa mjane mwenye tanuri la mkate. Gari alilipata mnadani Nairobi, kampuni moja ya maziwa ilipokuwa inauza vyombo vyake. Lilikuwa gari la stima, la kutumia betri. Mnadi alipotamka tu kwamba halinywi petroli hata tone, Waithira alinyanyua mkono kabla hajamaliza, wala hakuuliza kwa nini wenyewe wanaliuza.

Jeconia alitema makapi ya muwa, akakung'uta koti, akasukuma baiskeli yake taratibu mpaka penye gari. Hakusalimu. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha kabati la betri, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni.

Sasa hapa lazima tumtendee haki. Katika maisha yake Jeconia alikuwa amejifanya karani, fundi wa saa, na kwa wiki mbili ndugu wa askofu. Lakini juu ya betri alikuwa anajua kweli. Miezi minane alifagia kibanda cha betri katika kiwanda kimoja cha mananasi ya makopo, Thika, ambako vigari vya stima hubeba makasha kwa kuwa moshi wa petroli huharibu harufu ya matunda. Alifukuzwa kwa sababu ya makopo mawili na ubishi mrefu, ila elimu alitoka nayo. Alijua betri ikipanda mlima na mzigo jua likiwa kali hupata joto, na kwamba mtu akiitia kwenye chaji hapo hapo, ingali na joto lake na kifuniko kimefungwa, maji yake hukauka na siku zake huhesabika. Alijua pia kwamba betri iliyochoka na betri iliyokufa ni vitu viwili tofauti. Hizi za Waithira, kwa jinsi kiganja kilivyomwambia, zilikuwa zimechoka tu.

Na palepale akamkumbuka Kaleli.

Kaleli alikuwa Mkamba mwenye gereji Thika, ndiye aliyetengeneza vigari vya viwandani. Mwezi uliopita alimwonyesha Jeconia lori kuukuu la Bedford nyuma ya gereji na kumwambia, "Niletee seti moja ya betri nzima, hilo lori uende nalo." Tangu siku hiyo Jeconia alikuwa analiota lile lori. Alikuwa anakaribia miaka arobaini, na mali yake yote duniani ilikuwa baiskeli moja ya Raleigh, nyeusi, yenye taa na pampu. Aliipata kwa kukata mkonge miaka mitatu, kazi ya halali ya mwisho aliyoifanya kwa hiari. Kwa lori angebeba mizigo ya watu, angekaa juu, na watu wangemwita Bwana.

"Mama," akasema, akifumbua macho, "hii gari ni mgonjwa."

"Wewe ni nani?" akauliza Waithira.

"Mimi ni daktari wa betri. Nilikuwa nawatibu kule kiwandani Thika." Akaingiza mkono katika koti na kutoa kijiti cha kioo, kipimajoto kile cha hospitali cha kutiwa kwapani. Aliwahi kukiazima zahanati moja na kusahau kukirudisha. Kabla ya kukitoa, mle mle mfukoni, alikuwa amekichovya katika kichupa cha chai ya vuguvugu ambacho hakikosi kutembea nacho. Akakipitisha kwenye tundu la kabati, akahesabu kwa midomo, akakitoa.

"Soma mwenyewe, Mama."

"Mia moja na nane," akasoma Waithira.

"Mtoto wako akiwa na mia moja na nane utafanya nini?"

"Ngai! Nitamwita kasisi."

"Basi gari iko hapo. Hii ni homa ya betri. Lakini usilie, mimi niko."

Dismas alimtazama Jeconia kuanzia kofia hadi viatu. "Daktari anatembea na baiskeli?"

"Ningekuwa na gari, kijana, ningejitibu mwenyewe. Daktari hajitibu."

Waithira alicheka kidogo, akamwambia daktari aje kesho, chai itakuwepo.

Alikuja kesho, na keshokutwa, na kila siku bila kukosa. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Kaleli hakuwa mjinga. Angeipima kila betri, na iliyochemka angeitupa nje. Kwa hiyo ilimbidi Jeconia awaaminishe wenye gari kwamba betri zinakufa, na wakati huohuo azitunze zisife. Akawa mlaghai pekee katika wilaya nzima aliyefanya kazi kwa bidii kuliko vibarua.

"Ikirudi kutoka safari, isitiwe chaji," aliagiza. "Mgonjwa hali chakula akiwa na homa. Fungueni kifuniko, ipumzike kivulini mpaka ipoe. Chaji ni alfajiri, saa kumi na moja, baridi ikiwa bado iko."

"Na kiu je?" Waithira akauliza.

"Maji ya mvua peke yake. Ya mto hapana, yana matope, yatamkwama rohoni."

Akatundika magunia mabichi kuzunguka kabati, upepo upite katikati yake, kama walivyofanya kiwandani. Akamkataza Dismas kupanda mlima wa daraja saa nane. Mkate wa wateja wa Kalimoni, ng'ambo ya mlima, upelekwe asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Haya yote yalikuwa kweli tupu. Lakini ukweli mtupu hauheshimiwi, kwa hiyo akauchanganya na vitu vya kuonekana: akalizunguka gari mara tatu, akanyunyiza maji yenye bluu ya kufulia, akanong'ona Kijaluo maneno ambayo, kusema kweli, yalikuwa bei za samaki Kisumu.

Gari likaanza kupata nafuu. Siku ya nne lilipanda mlima wa daraja bila kuguna, na wale wanawake wa ndizi wakakosa cha kucheka. Dismas akapiga honi kwa furaha. Jeconia aliyekuwa amekaa kando ya dereva alijisikia fahari ya ajabu, halafu akaogopa. Mgonjwa akipona, nani atamwuza?

Jioni hiyo akachovya kipimajoto kwenye chai muda mrefu kidogo.

"Mia moja na tisa," akasoma Waithira. "Lakini daktari, leo imekimbia vizuri."

"Ndiyo dalili mbaya zaidi," Jeconia akasema kwa sauti ya msibani. "Umeona mgonjwa anaamka ghafla, anaomba uji, anasimulia hadithi? Kesho yake ni nini?"

Waithira akajifuta uso kwa aproni. "Kesho yake ni jeneza."

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

Alikunywa chai yake ya nne na kumalizia mkate wa pili, kwa kuwa huzuni haikuwahi kumzuia kula. Alipoondoka alisahau kipimajoto mezani. Waithira alimrudishia kesho yake asubuhi kwa mikono miwili, kimefungwa katika kitambaa safi. "Chukua kioo yako, daktari," alisema, na Jeconia alisikitika kidogo kwa jinsi mama huyu alivyokuwa mwema.

Siku ya sita, Jumatano, alilegeza waya mmoja Dismas alipokwenda kuchota maji. Gari halikuwaka. Walisukuma, walibembeleza, halikujali. Jeconia akavua kofia.

"Mama Wamboi, nimefanya ninavyoweza."

"Haiya! Sasa nitafanya nini na hii kitu? Mkate wangu utaenda na miguu?"

"Tatizo sio mkate. Betri ikifa na homa ndani inaweza kupasuka. Nyumba yako iko hapo, tanuri iko hapo." Akaigeukia nyumba, kisha tanuri, ili vipate muda wa kupasuka katika mawazo ya mama. "Mimi sipendi kuona mjane akiteseka. Nitaitoa hapa nikaizike mbali. Nikuachie hata baiskeli yangu, angalau Dismas abebe mkate."

Waithira akaitazama baiskeli. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, macho yake yakawa ya mtu aliye sokoni.

"Na pampu?"

"Na pampu."

"Na ile taa?"

Jeconia akaifuta vumbi kwa mkono wa koti. Ile taa alikuwa anaipenda. "Na taa, Mama."

"Basi tuandike. Mimi sitaki kesho mtu aseme nimemwibia daktari."

Akaitwa Zacharia, katekista wa jirani, awe shahidi. Mwandishi akawa Jeconia mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na mwandiko wa kikarani. Aliogopa Waithira asije akaomba kitu kingine zaidi ya baiskeli, kwa hiyo akaandika kwa herufi kubwa kwamba anachukua gari lenyewe, kichwa na magurudumu. Betri hazimo katika biashara hii, kwa kuwa zimekufa na hazina thamani. Akamsomea mara mbili ili asidai bei ya betri, ambazo zingeondoka bure ndani ya kabati. Waithira akatia dole gumba na kupumua kwa nguvu.

"Naomba siku mbili," akasema. "Nitoe rafu zangu za mkate. Utachukua Jumamosi."

Siku mbili zilimtia wasiwasi Jeconia. Je, kama Dismas angechungulia na kuuona waya uliolegea? "Sawa," akasema, "lakini lile kabati lifungwe sasa hivi, na mtu asilifungue mpaka siku saba zipite. Mvuke wa betri iliyokufa unapofusha. Unafungua, unaona mwanga mweupe, basi, hiyo ndiyo kitu ya mwisho umeona duniani."

Zacharia alirudi nyuma hatua tatu. Waithira akamwambia Dismas alete nyundo.

Jeconia alimtumia Kaleli ujumbe kwamba Jumamosi analeta betri, akarudi chumbani kwake Mwihoko akiimba. Kila kitu alikuwa amekihesabu. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nane, Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, na mama wa Kikuyu hakuruhusiwa kujiendea Thika kuuliza maswali bila barua ya ruhusa. Yeye Mjaluo alipita popote. Nani angemwambia Waithira kwamba kuna Kaleli duniani?

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alifika na punda wawili wa kukodi. Gari lilikuwa tayari uani. Kabati la betri lilikuwa limepigwa misumari na kuzungushiwa kamba ya mkonge mara sita, na magunia mabichi yalichungulia pembeni kama alivyoagiza. Springi zilikuwa zimelala chini kwa uzito uleule. Jeconia alizitazama, roho ikatulia.

Hata hivyo alitamani kuchungulia. Alishika ncha ya kamba, na palepale Zacharia akapiga yowe.

"Daktari! Macho yako!"

Majirani walikuwa wamejaa uani. Wote walikuwa wameshika mikono mbele ya nyuso zao. Jeconia akaiachia kamba, akacheka kidogo, akasema alikuwa anajaribu tu kama fundo ni imara. Waithira hakuwepo, Dismas pia hakuwepo. Wamboi, binti wa Waithira, alimwambia mama ametoka mapema kwa shughuli za mkate, na kwamba alisema daktari asafiri salama. Baiskeli nayo ilikuwa imeshaondoka tangu juzi. Jeconia aliukumbuka mlio wa kengele yake, akajikaza.

Maili kumi na tatu kutoka Ruiru hadi Thika ni ndefu sana kwa kasi ya punda. Punda mmoja alikuwa hapendi Juja, akagoma hapo nusu saa. Askari wa kizuizi walimsimamisha, wakamcheka, wakampa ruhusa. Jeconia alikaa kwenye usukani amenyooka, akiwapungia mkono watu wa mashamba ya mkahawa. Kwa hesabu yake hiyo ilikuwa safari ya mwisho ya shida. Jioni angerudi njia hiyohiyo juu ya lori, na honi angewapigia haohao.

Saa saba mchana akaingia kwenye gereji ya Kaleli. Lori la Bedford lilikuwa mbele, limeoshwa, limejaa magunia ya unga hadi juu. Juu ya magunia, imefungwa kwa kamba, ilikuwa baiskeli nyeusi ya Raleigh yenye taa.

Kwenye usukani alikuwa Dismas. Kando yake Waithira alikuwa anakula ndizi.

"Karibu, daktari," akasema. "Njia ilikuwa nzuri?"

Jeconia alishuka. Hakukumbuka tena habari ya kupofuka. Aliivamia ile kamba kwa meno na mikono, akang'oa misumari kwa nyundo ya Kaleli, akafunua kabati. Ndani yalikuwa matofali ya tanuri la zamani, yamepangwa vizuri, kila moja limezungushiwa gunia bichi.

"Mama," akasema, tofali mkononi. "Betri ziko wapi?"

"Si uliandika hazimo kwa biashara? Zacharia alisikia. Nikaona nisikuchoshe na maiti." Waithira akamenya ndizi nyingine. "Kila Alhamisi naleta mkate wa hospitali Thika na kuchukua unga hapa kwa kinu. Nina barua ya ruhusa ya D.O., ya mwaka mzima. Hiyo hukuuliza. Juzi lori ya kinu ndiyo ilizibeba hizo betri."

"Lakini ulijuaje?"

"Baba, mimi nilifagia wodi ya hospitali miaka saba kabla sijaolewa. Kioo ya homa isipokung'utwa inakaa palepale ilipofika, hata ukiiweka juu ya barafu. Wewe sijakuona ukikung'uta hata siku moja. Ile jioni uliisahau nikaikung'uta, nikaipeleka kwa betri. Ilikuwa baridi kushinda mimi. Tena hiyo kioo ilikuwa inanuka chai." Akacheka mpaka mabega yakatetemeka. "Nikajiuliza, mtu anaitakia nini betri mzima na anasema ni mgonjwa? Kule kinuni nikauliza nani ananunua betri Thika. Ni mmoja tu."

Jeconia akamgeukia Kaleli. "Mzee, tulikuwa na neno!"

"Aiya, neno lilikuwa betri," Kaleli akasema. "Wewe ulisema Jumamosi. Huyu mama alikuja Alhamisi." Alikuwa mzee mkavu asiyependa maneno. "Na sitoi hii lori kwa betri za hovyo. Nimezipima zote. Hakuna hata moja imechemka. Maji iko sawa, nguvu iko sawa. Nikamwambia huyu mama, aliyezitunza hizi ni fundi."

"Nikamwambia nilikuwa na daktari," akasema Waithira.

Jeconia alisimama pale katikati ya uwanja. Iliuma. Iliuma kwa sababu ya lori, iliuma zaidi kwa sababu ya baiskeli, na kilichouma kupita vyote ni kwamba neno lile la Kaleli lilimfurahisha. Miaka ishirini alikuwa amesifiwa kwa mambo ambayo hakuyafanya. Hakuwa na uzoefu wa kusifiwa kwa jambo alilolifanya kweli, na hakujua aiweke wapi mikono.

"Mama Wamboi," akajaribu, "angalau baiskeli. Nitarudije nyumbani?"

"Una gari, daktari. Na punda wawili." Kisha sauti yake ikalainika kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. Akamrushia mkate mmoja kupitia dirishani. "Kula. Wiki ile yote ulikula vizuri kwangu, nilianza kukuzoea. Dismas, twende, hii injini inakunywa petroli ikisimama."

Lori likanguruma, likatoa moshi mweusi, likakata kona kuelekea barabara ya Ruiru. Dismas akapiga honi mara mbili.

Kaleli alipangusa mikono kwa kitambaa. "Hiyo gari yako inaziba mlango," akasema. "Lakini sikiliza. Natafuta mtu wa kutunza betri za viwanda. Alfajiri saa kumi na moja, kila siku. Vijana wangu wanazichemsha kama maharagwe. Unataka au hutaki?"

Jeconia alijinyoosha. Alikuwa na majibu matatu ya kiungwana ya kukataa kazi, yote yamejaribiwa na kufaulu. Akafungua kinywa kutoa la kwanza. Lakini jicho lake lilikuwa limeshapita bega la Kaleli hadi kwenye ukuta wa nyuma, ambako betri zile zilikuwa zimepangwa juu ya bati tupu, katika jua kali la saa saba, vifuniko vimefungwa, na nyaya za chaji zimeshachomekwa.

"Nani ameziweka pale?" akapiga kelele. "Nani? Mnataka kuziua?"

Alitupa mkate, akavua koti, na kabla Kaleli hajajibu alikuwa amefika ukutani, anachomoa nyaya kwa mkono mmoja na kwa mwingine anafungua vifuniko, huku akiwatukana vijana wote wa gereji kwa Kijaluo na kuagiza magunia mabichi, haraka, yote yaliyopo. Kaleli aliokota koti lake, akalitundika kwenye msumari ulio karibu na mlango, pamoja na makoti ya wafanyakazi wengine.